Mbio Kuushinda Mwanga

Mdogo wangu Iliasi alikuwa mbishi, Mungu amrehemu, na mimi dada yake ndiye niliyemfundisha ubishi. Yeye alikuwa anatengeneza simu sokoni Kasongo; mimi nafundisha fizikia Kabambare. Kila Jumapili tulipigiana simu, na kila Jumapili tuligombana juu ya kijitu kimoja cha mchezo wake wa video, chenye kanzu nyekundu, kinachokwepa miale ya mwanga: je, kina kasi kuliko mwanga wenyewe?

"Yaya Hidaya, anakwepa mwanga! Basi iko na mbio kuushinda."

"We mujinga! Atauona namna gani kabla haujamufika ku macho? Ameruka mapema kwa sababu wewe mwenye kubonyeza ulijua mapema. Ile si mbio."

Mara ya mwisho alinicheka, eti nimesoma mpaka nimekauka. Nikamkatia simu, nikaapa sitampigia mpaka akubali kwamba nimemshinda. Jumapili mbili zikapita. Kichwa changu ni kigumu, sifichi.

Alhamisi alfajiri baba mudogo Djuma akanipigia. "Iliasi iko mugonjwa kidogo. Kuya leo hapa nyumbani."

"Kidogo namna gani?"

"Homa tu. Kuya, mutoto yangu."

Nikacheka moyoni. Ahaa, hoja zimemwishia, sasa anamtuma mzee! Siku hiyo nilikuwa na mtihani shuleni. Nikausimamia mpaka mwisho, nikalala usingizi mzuri. Ijumaa alfajiri nikapanda pikipiki, tukapigana na matope mpaka adhuhuri. Nilikuwa nimembebea karanga za kukaanga, na hoja mpya kichwani.

Uani kwetu wanawake walikuwa wamejaa kwenye mikeka. Mama aliponiona akapiga yowe.

"Alikufa Jumatano usiku," baba mudogo akasema. "Jana tulikungojea mpaka alasiri. Kisha tukamuzika."

"Mulisema kidogo!" Nilimfokea mzee mzima, mbele ya watu.

"Mutu wa safari haambiwi kifo, Hidaya. Ungeanguka njiani. Wewe mwenyewe unajua."

Najua. Kwetu nani hajui? Mimi mwenyewe nilimwambia rafiki yangu Safia maneno hayohayo, baba yake akiwa tayari ndani ya sanda. Mtu akisikia "mugonjwa kidogo, kuya leo", anajifunga kitenge na kutoka mbio. Ningetoka saa ileile, ningemkuta hajazikwa. Ningeuona uso wake. Niliambiwa mapema, na mimi nikasikia ubishi.

Baba mudogo akanipeleka kaburini, ingawa wanawake hawaendi. Udongo ulikuwa bado mbichi. Nikachuchumaa, pakiti ya karanga mkononi.

"Iliasi, umenishinda," nikasema kwa sauti, mimi mwalimu wa fizikia. "Iko na mbio kuushinda mwanga. Umesikia? Nimekubali."

Nikangoja anicheke.