Sauti Aliyoijua Sylvance

Jumamosi, tarehe 2 Agosti 2025. Asubuhi hiyo mawingu yalikuwa yamelala juu ya vigae vya Kaloleni, na manyunyu membamba yakianguka bila kelele, ile baridi ya Agosti inayomfanya mtu avae sweta juu ya sweta. Adhiambo alitoka nyumbani amejiziba mdomo kwa leso, mkono wake ndani ya mkono wa bintiye Jacklyne. Walikuwa wanakwenda kuchukua meno.

Meno yake mwenyewe yalikuwa yameng'olewa yote mwanzoni mwa mwaka kwa sababu ya ugonjwa wa fizi. Tangu hapo alikuwa akila uji, na ugali uliolowekwa kwenye mchuzi hadi ukalegea. Sasa fizi zilikuwa zimepona, na Jacklyne, aliyekuwa akifanya kazi ya ofisi na kuishi mtaa wa Lucky Summer, alikuwa ameagiza meno ya bandia, ya juu na ya chini. Hakutaka mama yake asimame kanisani bila meno. Mwisho wa mwezi huo Adhiambo angefunga ndoa.

Mume alikuwa yule yule wa tangu ujana wake, Sylvance. Ng'ombe wa mahari walipelekwa kwao Adhiambo, Alego, wazee wakaridhika, watoto wakazaliwa, wajukuu wakafuata. Lakini mbele ya madhabahu hawakuwahi kusimama. Kwa hiyo kila Jumapili ya Meza ya Bwana, wenzake walipoinuka kwenda mbele, Adhiambo alibaki kwenye benchi akitazama mikono yake. Aliongoza maombi ya akina mama, alifunga na kukesha kwa ajili ya wagonjwa wa watu, lakini ule mkate hakuwahi kuugusa. Mwaka huu Mchungaji Phares alikuwa ametangaza ndoa ya pamoja kwa wote walioishi bila kiapo. Kila mmoja ataapa mwenyewe, alisema, kwa sauti, na mwenzake amsikie. Sylvance ndiye aliyesimama wa kwanza, akipapasa benchi la mbele, maana macho yake yalikuwa yamezimwa na presha ya macho miaka kadhaa iliyopita.

Fundi wa meno aliitwa Magan, mtu mpole mwenye kliniki ndogo kule Eastleigh.

"Karibu mama, keti. Usiogope, leo sing'oi, leo narudisha."

Alimvalisha ya chini, kisha ya juu, akambonyeza mashavu, akampa kioo. Adhiambo alitazama, na mwanamke aliyemtazama kutoka ndani ya kioo hakumtambua. Ilichukua muda kuelewa kilichomshangaza. Meno ya chini ya mbele yalikuwepo.

Meno hayo hakuwa nayo tangu alipokuwa msichana. Bibi yake, mama ya baba, alishika desturi ya watu wa ziwani hata baada ya wengi kuiacha: mtoto akikaribia kubalehe, aling'olewa meno sita ya chini, ya mbele, na hakutakiwa kulia. Adhiambo hakulia. Magan alipompima alikuta fizi tupu, angejuaje? Na Adhiambo hakumwambia, kwa sababu kwake yeye kinywa ndivyo kilivyo, kina nafasi pale chini, kama vile nyumba ina mlango. Nani humwambia fundi kwamba nyumba ina mlango?

"Mama, umekuwa mrembo!" Jacklyne alisema, na macho yake yakajaa machozi.

Adhiambo akayaona machozi hayo, akaliacha jambo la pengo. "Mungu akubariki, mwanangu," akajibu, na maneno hayo yalitoka yamejaa mate, kana kwamba yamesemwa na mtu mwenye kijiko mdomoni.

Magan alimweleza namna ya kuishi nayo. Akate chakula vipande vidogo, atafune pande zote mbili kwa pamoja, usiku ayatoe na kuyaweka kwenye maji. Na asome kwa sauti kila siku, ulimi ujifunze njia mpya.

Hapo ndipo Adhiambo alipokosea. Badala ya kujifunza nyumbani, aliona haya. Sylvance alikuwa mtu wa sikio. Maisha yake yote ya kazi alikuwa fundi wa mabomba wa baraza la jiji, na kazi yake ilikuwa kusimamisha fimbo ya chuma juu ya lami, kuweka sikio kwenye ncha ya fimbo asikie bomba linalovuja chini, na kusema, "Chimbeni hapa." Adhiambo hakutaka sikio hilo limsikie akigugumia. Akawa anayavaa meno akishatoka mlangoni, na kuyavua kabla ya kurudi. Alijifunzia kwa jirani yake Kadija, mjane aliyekaanga mahamri na viazi karai kando ya lango.

"Haya, Mama Jacky, leo hamri moja zima," Kadija alimwambia. "Usilimumunye kama peremende."

"Ni kama kutafuna sponji. Silisikii."

"Ladha haiko kwenye meno, mwenzangu. Tafuna! Bi harusi gani huyu, atalishwa keki aitie mkobani?"

Walicheka, na meno ya chini yakaruka, Adhiambo akayadaka kwa kiganja. Kadija alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akampa maji, akasema kwa upole, "Rudisha. Tuanze tena." Adhiambo akafungua Zaburi akasoma kwa sauti, aya kwa aya, huku Kadija akigeuza mahamri kwenye mafuta na kumsahihisha neno lisilosikika. Fizi zilitoka vidonda. Alirudi kwa Magan, meno yakasuguliwa kidogo, akaendelea. Kidogo kidogo ulimi ulitulia. Lakini sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba na kavu, ya mwanamke wa mjini aliyesoma sana, na Adhiambo mwenyewe alipoisikia aligeuka kama mtu aliyeitwa na mgeni.

Siku ya mazoezi kanisani, wachumba walipangwa mstari, wengi wao vijana. Mchungaji Phares aliamua wanawake watangulie kuapa.

"Wanaume wakitangulia wananong'ona," alisema, "halafu wanawake nao wanaogopa kuwashinda."

"Pastor ameongea ukweli!" msichana mmoja alisema nyuma, akamgusa Adhiambo begani. "Shosho, bibi yetu, tuonyeshee hawa. Wewe ndio tunakutegemea."

Zamu yake ilipofika, Adhiambo alimshika Sylvance mkono. Alikuwa ameyavaa meno kwenye lango la kanisa, na maneno alikuwa ameyashika moyoni. Aliyasema yote bila kukosea hata moja. Vijana wakapiga makofi. Kisha wakamsubiri Sylvance ajibu.

Sylvance aliinamisha kichwa upande mmoja, kama alivyokuwa akifanya juu ya fimbo yake ya chuma.

"Mchungaji," alisema, "huyu dada amesema vizuri. Sasa tumsubiri Nyar Alego, au tuendelee?"

Kanisa lote likaangua kicheko. Mzee ana mizaha! Hata Mchungaji alicheka. Nyar Alego, binti wa Alego, ndivyo Sylvance alivyomwita mkewe siku zote. Lakini Adhiambo alikuwa ameushika mkono ule, na mkono ule haukuwa na mzaha. Ulikuwa umelegea kidogo, mkono wa mtu anayemshika mgeni kwa adabu.

Walirudi nyumbani. Adhiambo alimketisha kitini, akampa chai, akayatoa meno akayaweka kwenye bakuli.

"Ni mimi niliyesema," alisema.

Sylvance aliweka kikombe chini taratibu. "Nilijua baadaye, watu walipocheka. Nisamehe."

"Ni mimi wa kuomba msamaha. Nilikuficha."

"Nyar Alego, sikiliza. Tangu macho yazime, sina picha yako mpya. Nina sauti tu. Ukisema, kuna upepo mdogo unapita pale mbele, chini. Hata meno mengine yalipong'olewa, ule upepo ulibaki. Nikiusikia jikoni, najua niko nyumbani. Leo nimesikia maneno mazuri, lakini sikuusikia." Alipapasa kikombe. "Nitaapa, usijali. Nitamjibu yeyote Mchungaji atakayeniambia nimjibu. Lakini nilitaka niape nikijua namwapia nani."

Adhiambo alikwenda chumbani akapiga magoti kando ya kitanda. Aliomba kwa muda mrefu. Aliogopa kwamba akiingia Mezani kwa kiapo ambacho mumewe hakukisikia kama cha mkewe, atakuwa ameingia kwa mlango wa mtu mwingine. Bwana, alisema, sikuja kwako kwa ajili ya uzuri. Lakini mtoto wangu amenipa zawadi kwa upendo, nami nitamwambiaje? Kisha akapata nguvu ya kuinuka na kumpigia Jacklyne simu.

Jacklyne alikuja kesho yake. Alisikiliza, na uso wake ukabadilika.

"Mama, unataka yakatwe? Meno mapya?"

"Yale sita tu. Mengine yabaki."

"Unajua walichoniambia shuleni nikiwa mdogo? Kwamba baba anakupiga, ndiyo maana huna meno. Nilipigana na wasichana wawili kwa ajili ya hilo pengo." Sauti yake ilikatika. "Nilitaka siku moja tu, picha moja tu, nikuone kama mama za wenzangu."

Adhiambo hakuwa amelijua jambo hilo. Aliketi karibu naye, bega kwa bega.

"Hukuniambia," alisema.

"Ningekuambiaje? Ungeumia."

"Ningekueleza. Ningekuambia sikupigwa na mtu. Ningekuambia nilikaa kwenye jiwe, bibi yangu akanishika kichwa, na sikulia, na jioni walinipikia kuku mzima peke yangu. Sikubaliani na jambo lile, Jacky, mimi sikulifanya kwako. Lakini ndiyo sauti niliyomwitikia nayo baba yako siku ya kwanza. Ndiyo niliyokuimbia nayo."

Jacklyne alilia kwa muda. Kutoka kitini kwake Sylvance alisema, "Mwache alie. Lilikuwa limemkaa moyoni siku nyingi." Baadaye Jacklyne alinawa uso, akachukua bakuli lenye meno, akalifunika kwa kitambaa safi.

"Magan hatakubali bila mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyeyaagiza."

Na kweli Magan alishtuka.

"Mama, watu huja hapa niwazibe pengo. Wewe unataka nilifungue? Na plastiki itapungua nguvu hapo. Ukidondosha, yatavunjika."

"Sitadondosha."

Magan alimtazama Jacklyne. Jacklyne alitikisa kichwa kukubali, akageukia dirisha. Mashine ya kusaga ililia kwa muda mfupi. Vumbi jeupe lilianguka kwenye karatasi, na Magan alipolainisha kingo alimvalisha tena. Meno ya juu yalibaki yote, magego ya chini yalibaki, na mbele, chini, palikuwa wazi.

"Sema kitu, mama."

"Bwana ndiye mchungaji wangu," alisema Adhiambo, na Jacklyne akageuka haraka kutoka dirishani. Alimfungia mama yake vifungo vya sweta, kimoja kimoja, ingawa mama angeweza kujifungia.

Siku ya ndoa kanisa lilijaa hadi nje. Kadija alikuja na buibui lake jipya, akaketi benchi la nyuma, akawaambia waliomtazama kwamba yeye ni upande wa bi harusi. Jacklyne alisimama karibu na mama yake, ameshika maua. Mchungaji Phares aliwataka watu wote wanyamaze, kwa sababu mashahidi, alisema, kazi yao ni kusikia.

Adhiambo alishika mkono wa mumewe. Aliogopa kwamba meno yatacheza, aliogopa kwamba atasahau, na zaidi ya yote aliogopa ule mkono ulegee tena. Akafungua kinywa.

"Mimi Adhiambo, mbele za Mungu na mbele ya watu hawa, nakupokea wewe Sylvance kuwa mume wangu. Nitakuwa nawe katika afya na ugonjwa, katika kupata na kukosa, hadi kifo."

Alipomaliza hakuthubutu kuinua macho. Alitazama tu mikono miwili iliyoshikana. Kwa muda haikusogea. Kisha vidole vya Sylvance vilijifunga juu ya vyake, kwa nguvu kiasi kwamba pete iliyokuwa bado mfukoni mwa Mchungaji isingepata nafasi ya kupita.

Mchungaji alifungua kinywa amsaidie mzee kuanza, lakini Sylvance alikuwa ameshanyoosha mgongo. Aligeuza uso kuelekea pale sauti ilipotoka, moja kwa moja, bila kutafuta, akasema kwa sauti iliyofika hadi kwa waliosimama nje:

"Mimi Sylvance, mbele za Mungu na mbele yenu nyote mnaosikia, nakupokea wewe Adhiambo, mke wangu. Sitakuacha. Nitakusikiliza siku zote Mungu atakazotupa, na hakuna mwingine nitakayemwitikia."