Rukaiya Alivyokwenda Sahiwal

Kwa miaka arobaini na mitatu Elinipendo wa Machame alikuwa akiwaambia watu kwamba ana mume. Mume mwenyewe alikuwa Mpunjabi aliyeitwa Anwar, mzaliwa wa mji wa Sahiwal huko Pakistani, fundi mitambo katika kiwanda kimoja cha kukoboa kahawa mjini Moshi. Walifunga ndoa msikitini mwaka 1973. Elinipendo alisilimu akapewa jina la Mwantum, wakapanga chumba na sebule karibu na stesheni ya reli, na mwaka uliofuata akajifungua Rukaiya. Mwaka 1981 Anwar aliaga kwenda kumzika mama yake. Alisema atakaa miezi miwili.

Barua zilikuja tatu, kisha zikakatika. Elinipendo alipanda na mtoto wake hadi kwenye kihamba cha baba yake, shamba la migomba la ukoo huko Machame, akarudi kanisani, akarudia na jina lake la zamani. Wanaume walikuja kumposa, mmoja mwalimu aliyefiwa na mke, mwingine mpasua mbao mwenye nyumba ya matofali. Wote aliwajibu jibu moja: mimi ni mke wa mtu. Watu walicheka, wakachoka kucheka, wakazoea. Rukaiya ndiye hakuzoea. Shuleni waliomwita Mhindi koko walikuwa wengi kuliko waliomwita kwa jina, na jioni alipokuwa akilia mama yake alimwambia, "Baba yako akija watanyamaza."

Baba hakuja. Rukaiya akawa fundi cherehani mjini Moshi, akashona sare za shule, akaolewa, akaachika, akakuza watoto wawili waliokwisha kwenda zao Arusha na Dar. Alikuwa na miaka hamsini siku simu yake ilipoingiza ujumbe wa sauti kutoka namba ya nchi asiyoijua. Alibonyeza akiwa na pini mdomoni.

"Rukaiya mwanangu, hujambo? Mimi baba yako, Anwar. Mjukuu wangu ndiye amekutafuta kwenye simu akakupata. Njoo unione kabla sijafa. Tiketi tutatuma. Na uje na kile cheti cha ndoa alichonacho mama yako, tukiweke sawa."

Alitema pini, akafunga duka saa nne ya asubuhi, akapanda Machame.

Elinipendo aliusikiliza ujumbe ule mara sita. Mara ya kwanza alisimama, mara ya sita alikuwa amekaa kwenye jiwe la kunolea panga, mikono mapajani. "Kiswahili chake hakijapotea," alisema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Tukiweke sawa. Umesikia? Amesema tukiweke sawa." Aliingia ndani akatoka na cheti kilichokunjwa ndani ya kipande cha kitenge.

"Hiki ndicho nilichobaki nacho, Rukaiya. Mpe mkononi mwake. Na umwambie sijaolewa. Hata asipouliza, mwambie."

Mwezi wa kwanza Rukaiya alipanda ndege KIA, akabadilisha Doha, akashuka Lahore. Aliyempokea alikuwa Nadimu, mwanaume wa miaka arobaini na miwili, mdogo wake wa baba mmoja. Alimsalimia kwa kuinamisha kichwa, akampakia mizigo yake, akaendesha saa tatu bila neno. Kiti cha mbele alikaa Saima, binti yake Nadimu, msichana wa miaka ishirini na miwili anayesomea ufamasia, na huyo aligeuka nyuma njia nzima akizungumza Kiingereza. Cha Rukaiya kilikuwa cha dukani, lakini walielewana.

Nje ilikuwa nchi tambarare isiyo na kilima hata kimoja. Mifereji ya maji ilinyooka hadi ilipomezwa na ukungu, ngano ilikuwa mbichi, wanawake walikuwa wameinama kwenye viazi, na ng'ombe wekundu wenye nundu walisimama wamevishwa magunia kwa baridi. Rukaiya alijisikia kama mtu anayerudi mahali. Alijitazama kwenye kioo cha gari, akamtazama Nadimu, akaona pua ni moja. Moyo ulimjaa hata akaogopa kulia mbele yao.

Baba yake alikuwa uani, juani, kwenye kitanda cha kamba, amezungukwa na wageni. Alikuwa mzee wa miaka themanini na kitu, ndevu nyeupe zimechanwa vizuri. Rukaiya alipiga magoti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," alijibu polepole, bila kufungua mdomo sana. Akamwekea mkono kichwani. Kisha akainua sauti, akasema maneno marefu ya Kipunjabi kwa wale wageni, nao wakatikisa vichwa na kumtazama Rukaiya kwa macho ya huruma. Mwanamke mmoja alimpa chungwa.

"Amesema nini?" Rukaiya alimuuliza Saima.

Saima alitabasamu kwa moyo wake wote. "Babu anasema mama yako alikuwa mpishi wake huko Afrika, mwaminifu kuliko wapishi wote. Babu aliweka nadhiri kwamba kabla hajafa atamlipa wema wake kupitia kwako. Sisi tumefurahi sana umekuja."

Rukaiya alibaki amepiga magoti na chungwa mkononi. Alimtazama baba yake. Baba yake alikuwa akimimina chai kwenye kisahani.

Walimpa chumba kizuri, lakini kilikuwa upande wa jikoni. Walimpa sahani nzuri, lakini ilikuwa yake peke yake, na ilioshwa kando. Hakuna aliyemfokea. Mke wa Nadimu alimletea blanketi la pili bila kuombwa. Siku nne Rukaiya alikula, akalala, akasubiri baba yake amwite chemba, akijiambia kwamba mzee anatafuta nafasi, kwamba mambo kama haya hayasemwi mbele ya wageni.

Siku ya tano aliitwa. Anwar alitaka kumwonyesha magofu ya Harappa, mji wa kale ulio mwendo mfupi kutoka Sahiwal. Nadimu aliwapeleka, akabaki garini na simu yake. Mzee alishika fimbo mkono mmoja, bega la Rukaiya mkono mwingine, wakaingia taratibu kati ya vilima vya udongo mwekundu na kuta za matofali zilizofika kiunoni. Hapakuwa na watu isipokuwa mlinzi mmoja aliyejifunika shali na mbuzi wawili.

"Miaka elfu nne na zaidi," Anwar alisema kwa Kiswahili, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu, cha Moshi ya zamani. "Waingereza walipojenga reli hapa waliyabeba matofali haya kutandika njia. Yaliyobaki ndiyo haya." Alikaa kwenye ukuta kupumzika. "Hebu niambie, mlima bado unaonekana asubuhi ukisimama stesheni?"

"Unaonekana, baba."

"Na theluji?"

"Imepungua."

Alisikitika, kweli kabisa, hadi macho yakamlowa. Aliuliza habari za soko la Mbuyuni, za kiwanda, za Mchagga mmoja waliyekuwa wakicheza naye bao. Rukaiya alijibu yote akisubiri jina moja. Mwishowe alichoka kusubiri.

"Mama hajambo. Amesema nikwambie hajaolewa. Alikaa akikusubiri."

Anwar alikuwa akiondoa vumbi kwenye goti lake. "Hilo mimi sikumwomba," alisema. "Cheti umekuja nacho?"

Rukaiya alikitoa kwenye mkoba. Alimpa mkononi, kama alivyoagizwa. Mzee alivaa miwani, akakisoma chote, hata majina ya mashahidi. "Mwantum binti Sifael," alisoma kwa sauti. Kisha akakichana mara mbili, na mara nne, na mara nane, bila haraka, akavitia vipande kwenye mfuko wa koti kwa sababu mlinzi alikuwa akiwatazama na pale hairuhusiwi kutupa taka.

"Baba!"

"Saima anaolewa mwezi wa tatu. Watu wanaomchukua ni watu wa nasaba, wanachunguza mpaka babu wa babu. Wakisikia nilioa huko watasema damu imeingia kitu."

"Kitu gani?"

"Rukaiya, wewe ni mtu mzima."

"Kwa hiyo mimi ni kitu."

"Wewe ni mwanangu," alisema, akamshika mkono, na mkono wake ulikuwa wa moto. "Hapa tulipo, wewe ni mwanangu. Lakini tukitoka pale getini, la. Nimekuita ili nikuone, na nimekuona. Ungekitunza cheti, siku moja watoto wako wangekitumia kunitafutia aibu nikiwa kaburini. Sasa nisaidie nisimame."

Na Rukaiya alimsaidia akasimama. Hilo ndilo lililomtafuna baadaye kuliko yote. Alimshika kwapa, akampangusia vumbi la Harappa nyuma ya koti, akamrudisha hadi garini akimwonya penye mashimo.

Asubuhi ya kuondoka, Saima alimvisha shali ya sufu aliyoitarizi mwenyewe, akalia. "Msalimie sana mama yako mpishi," alisema. "Mwambie babu hajamsahau."

Rukaiya alifungua mdomo. Neno moja tu la Kiingereza lilihitajika, lile la mke, na alilijua tangu darasa la tatu. Mzee alikuwa pale kwenye kitanda chake, amekaza macho chini. Lakini msichana alikuwa amemkumbatia, naye hakuwa na kosa lolote.

"Asante," Rukaiya alisema, akaingia garini.

Machame alimkuta mama yake amepika machalari ya ndizi na nyama, amechinja na kuku, amevaa gauni la Krismasi. Elinipendo hakumwacha hata anawe mikono.

"Alisemaje? Aliposikia sijaolewa, alisemaje?"

Katika ndege Rukaiya alikuwa amepanga uongo mzuri. Baba ni mgonjwa sana, baba alilia, cheti kimebaki kwa shekhe. Lakini alipoliona lile gauni, na uso ule wa miaka sabini na mitatu uliopakwa mafuta ukang'aa, hasira ilimpanda ambayo hakuwa nayo Sahiwal. Aliyakumbuka majina yote aliyoitwa shuleni. Akaona kwamba mtu aliyemfanya angoje maisha yake yote alikuwa huyu aliyekaa mbele yake.

"Alisema hilo hakukuomba."

Akaendelea. Alimwambia habari ya mpishi, na sahani iliyooshwa kando, na damu iliyoingia kitu. Alimwigizia hata namna mzee alivyoondoa vumbi gotini. Kila alipoona mama yake anarudi nyuma kidogo kwenye kiti, aliongeza jingine. Alipomaliza alikuwa anahema, na kwa muda mfupi alijisikia mwepesi.

"Alikichana wewe ukiangalia?" Elinipendo aliuliza.

"Nikiangalia."

"Na chakula chao ukaendelea kula?"

Mama yake alifunika sufuria, akaenda kumkatia ng'ombe majani akiwa na gauni lile lile.

Jumapili, baada ya ibada, watu walikuwa uani mwa kanisa kwenye mnada wa sadaka za mazao. Mikungu ya ndizi ilikuwa imepangwa, mayai, jogoo mmoja amefungwa miguu. Wanawake walimzunguka Elinipendo kumuuliza habari za safari ya binti, na Rukaiya, aliyekuwa amemsindikiza, alimsikia mama yake akisema kwa sauti kavu, "Anawasalimu nyote. Amezeeka, lakini ananikumbuka. Amesema ni Mungu tu hakupanga."

Theodora, jirani wa mpaka mmoja na mtu wa kupenda kuhakikisha, alimgeukia Rukaiya. "Kweli, mwanangu? Alisema hivyo?"

Elinipendo alimtazama binti yake. Hakumkonyeza wala hakumwashiria, alimtazama tu.

Rukaiya alijua angeitikia kwa kichwa mara moja jambo likaisha. Aligeuka akamwangalia yule jogoo aliyekuwa akinadiwa. Bei ikapanda mara tatu, mpaka mwanamke mmoja wa nyuma akacheka puani na Theodora akasema, "Haya basi," kama mtu anayefunga mlango wa zizi.

Kuanzia siku hiyo Elinipendo hakumtaja mume tena. Wala hakumpigia Rukaiya simu. Mwezi wa nne, mvua zilipochachamaa, aliteleza migombani akavunjika nyonga, na wa kwanza kumsikia akipiga kelele alikuwa Theodora.

Rukaiya alipata habari mama akiwa ameshatolewa hospitali na kurudishwa nyumbani. Alifunga duka, akapanda siku hiyo hiyo. Kabla ya kuingia ndani alikata jani la isale kwenye uzio, kwa sababu huku kwao anayeomba msamaha hushika jani hilo, na anayepewa hana ruhusa ya kulikataa. Alipiga magoti kando ya kitanda akalinyoosha kwa mikono miwili.

"Mama, nimekosa. Nisamehe."

Elinipendo alilitazama jani muda mrefu. Kisha akalipokea, akaliweka kifuani, akasema maneno yanayotakiwa. "Nimepokea. Nimekusamehe."

Rukaiya alilia, akainuka, akachukua beseni na taulo. Alipasha maji, akayapima kwa kiwiko, akarudi chumbani akaanza kufunua shuka ili amwogeshe.

Mama yake alilishika shuka lile kwa vidole vyote, akalivuta hadi kidevuni.

"Mwite Theodora," alisema.

"Mama, si umenisamehe?"

"Nimekusamehe. Mwite Theodora."

Rukaiya aliweka beseni chini. Alitoka, akapita katikati ya migomba inayodondosha maji, hadi mpakani, akaita. Theodora alikuja akifunga kanga kiunoni, akampita pale mlangoni bila kumtazama, akaingia na kufunga. Rukaiya alisimama barazani akisikiliza maji yakimwagwa, na sauti za wanawake wawili wakizungumza Kichagga polepole, mmoja akiuliza panapouma, mwingine akimwelekeza.