Winchi ya Kumvuta Mama

Fundi Kahongya alikuwa chali chini ya jeep ya Solange, miguu yake tu ndiyo inaonekana, alipouliza mama yake ana kilo ngapi.

"Arobaini na munane," Solange akajibu. "Pengine imepunguka sasa. Hapana kula muzuri tangu mwezi wa kwanza."

Fundi akakaza bolti yake mpaka mwisho kabla ya kusema neno. Gereji yake iko njia ya Rughenda, mjini kwetu Butembo, na kila kindege kikishuka pale uwanjani inabidi watu wanyamaze kwanza. Kilipokwisha kushuka akatoka chini ya gari, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Ile treuil inavuta tani ine na nusu, mama Solange. Kwa kilo arobaini na munane mi naona iko mingi."

"Wanaume ine balishindwa. Kamba ya nailoni ikakatika. Weka tu, papa."

Basi akaweka. Winchi, au treuil kama tunavyoiita sisi, ni pipa dogo lenye mota ya umeme na kamba ndefu ya chuma. Gari likizama matopeni, unafunga kamba kwenye mti, unabonyeza kitufe, na gari linajivuta lenyewe. Hii ya Solange ilipitia mpakani Kasindi, imekwisha kutumika na watu wengine, kama kila kitu tunachonunua. Kahongya alikaa nayo siku tatu. Aling'oa parechoki, ile bampa ya mbele, akasema ni bati la kupendeza wageni. Akakata chuma kinene, akakichomelea kwenye shasi kushoto na kulia, akatoboa matundu manne. Ukifunga winchi kwenye parechoki peke yake, siku ya kazi winchi na parechoki vinaondoka pamoja na gari linabaki. "Lazima ishike mifupa, hapana ngozi," alisema. Akapitisha nyaya mbili nene mpaka kwenye betri na kuhamisha honi upande mwingine. Mwishoni akaleta mkanda mpana wa turubai, ule wa kuzungushia mti ili kamba isikate maganda.

"Hii utamuzungushia mama kwenye kiuno," akasema. "Juu ya kikwembe. Isimuumize."

Solange anauza viazi. Anavitoa Masereka na Lubero, anavishusha Butembo, na jeep anaiendesha mwenyewe tangu zamani. Mama yake, Vagheni, anakaa upande wa Beni, katika kijiji kilichoingia ndani kidogo kutoka njia kubwa, nyumba ya kwanza kando ya barabara. Pamoja naye alikuwa akikaa Siméon, mdogo wake Solange, mwenye shamba la kakao. Mwezi wa kwanza Siméon alienda kuvuna kakao na hakurudi. Wenzake wawili walipatikana, wakazikwa. Yeye hakupatikana.

Siku ile ile Vagheni alitandika mkeka mbele ya nyumba, akakaa matanga. Kwao mfiwa anakaa chini, na hasimami mpaka mwili uingie kaburini. Kwa kawaida ni siku mbili, tatu, watu wanakula maharagwe, wanaimba, wanazika, wanamwinua mfiwa kwa mikono, wanamwosha, kwisha. Lakini mwili haukuwepo, kwa hiyo siku zikaendelea. Padri akaja akasema anaweza kusoma misa bila mwili. Vagheni akamwambia asome tu, yeye anangoja. Asubuhi alikuwa akijikokota na mkeka wake mpaka nyuma ya nyumba, kwa hiari yake, na kurudi. Hilo halikuhesabiwa kuwa ni kusimama.

Majirani walipoanza kukimbia wakataka kumbeba. Wanaume wanne wakamshika mabega na miguu, wakajaribu mpaka mmoja akateguka mgongo. Kikongwe hakuinuka hata unene wa kidole. Wakamwomba radhi, wakajitwika magodoro yao, wakaenda Butembo. Hakuna aliyeshangaa sana. Sisi huku tumechoka, na mtu aliyechoka hashangai upesi.

Solange alikuwa anaogopa, na alimwambia hivyo kila mtu aliyemuuliza. Watu wa panga walikuwa wanasogea kijiji kwa kijiji, na kila asubuhi redio inasoma majina ya waliouawa. Alikuwa akisimama na kikombe mkononi, bila kunywa, mpaka orodha iishe. Alitaka jambo moja tu, mama afike Butembo kabla hawajafika kwake. Ndiyo maana ya winchi.

Walitoka Alhamisi, yeye na Kahongya. Fundi alisema hawezi kuacha kazi yake ya kwanza ya namna hiyo ijaribiwe bila yeye. Wakapita barrière za askari moja baada ya nyingine, wakaiacha njia kubwa, na hatua ishirini kabla ya nyumba ya mama jeep ikaingia kwenye shimo la matope mpaka milangoni. Shimo lile liko pale miaka na miaka. Lina sehemu ya kina kirefu na sehemu ya kina kirefu zaidi. Nyuma yao kulikuwa na kamyo, lori la mizigo, ya mtu anayeitwa Syauswa, imelala pale siku ya pili, na dereva mwenyewe amekaa juu ya magunia anakula muhindi wa kuchoma.

Miti ya karibu yote ilikuwa imekwisha kukatwa kwa ajili ya makaa. Kahongya akavua viatu, akaivuta kamba ya winchi, akapita kwenye matope mpaka kwenye mkeka.

"Shikamoo, mukaka," akasalimia, kama tunavyowaita bibi zetu. "Mi ni fundi. Binti yako ananituma nikuvute."

"Karibu," Vagheni akasema. "Hapana pasua kikwembe. Iko moja tu."

Akamzungushia mkanda kiunoni taratibu, akachomeka ndoano, akarudi nyuma. Solange akabonyeza kitufe. Kamba ikanyooka, mota ikalia, taa za jeep zikafifia. Kisha jeep ikaanza kutoka matopeni. Ikapanda polepole, tairi la kulia kwanza, ikavuka shimo lote, ikasimama ukingoni mwa mkeka. Vagheni alikuwa pale pale. Alikuwa amefumba macho kwa sababu ya moshi.

Solange akashuka. Akakaa juu ya ile winchi yake, akalia.

"Mama, simama twende. Nakuomba. Batakuua hapa."

"Nimekataa kwenda, mwana wangu? Hapana. Niko kwa matanga ya mutoto wangu. Munizikie yeye, nitasimama leo leo, nitapanda mu jeep yako mbele, karibu na dirisha. Mwili iko wapi?"

Solange akaufungua mkanda kiunoni mwa mama. Kahongya alikuwa amepiga magoti anakagua bolti zake nne, moja moja. Hakuna iliyolegea.

Ndipo Syauswa akapiga kelele kutoka juu ya magunia. "Na siye? Mutatuacha hapa?"

Wakageuza jeep. Wakamfunga mama mkanda upya, wakafunga nyuma ya jeep kwenye mkanda huo, na kamba ya winchi ikapelekwa hadi kwenye kamyo. Kamyo yenye tani kumi na mbili ikatoka kama jino bovu. Syauswa akashuka, akavua kofia, akampa kikongwe nusu ya muhindi wake. "Wasingya, mukaka," akamshukuru. "Mungu Nyamuhanga akuongezee nguvu." Akaondoka, na jioni ile Beni yote ilijua.

Kuanzia hapo magari ya njia ile yakawa yanajitoa matopeni kwa kujifunga kwa mama Vagheni. Madereva walijifunza wenyewe kwamba wasimsumbue akiwa anasali, kwamba mkanda upite juu ya kikwembe, na kwamba mtu asimalize kazi na kuondoka bila kuacha kitu, ndizi, chumvi, sabuni. Kwa Kahongya kazi ilizidi. Kila mwenye gari Butembo alitaka winchi, kwa kuwa sasa palikuwa na mahali pa kuifunga. Alikuwa anachomelea mpaka macho yanavimba. Solange akimpita pale gereji, fundi alikuwa anainama chini ya gari na kubaki huko.

Mwezi wa tano akaja mkubwa mmoja, Onésime, wa bureau, ofisi moja ya Beni inayoshughulika na njia. Alikuja na mètre ya kupimia na kofia ya plastiki. Akapima kutoka kwenye shimo mpaka kwenye mkeka, akamuuliza Vagheni miaka yake, akaandika kwenye daftari lake: sehemu ya kufungia kamba, moja, hali nzuri. Wiki iliyofuata wakaja vijana wakasimika mawe mawili yaliyopakwa rangi nyekundu na nyeupe, moja kila upande wa mama. Kokoto zilizokuwa zimeletwa kujaza lile shimo zikapakiwa tena, zikapelekwa kwingine, maana shimo halikuwa tatizo tena. Vagheni aliuliza kama wale vijana wamesikia neno juu ya Siméon. Walikuwa hawajasikia.

Solange alikuwa anakuja kila Jumamosi na chakula. Jumamosi moja akakutana na Tamar, mama wa makaa, ambaye bado alikuwa akiingia porini kwa sababu watoto hawaachi kula. Tamar alimvuta pembeni.

"Ng'ambo ya mto, mu kakao ya zamani," akasema, "niliona boti ya mvua, ya kuvaa mguuni, nyeupe. Iko na mutu ndani. Imeshonwa kisigino na waya."

Ile boti Solange mwenyewe ndiye aliyeishona, kwa waya, kwa sababu Siméon alikataa kununua nyingine. Akaendesha mpaka Beni bila kusimama. Akaenda kwa askari, wakamwambia ng'ambo ya mto ni mbali, na lazima barua itoke kwa anayehusika na njia ile. Akaenda kwa Onésime.

Onésime alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mafua.

"Pole, mama. Pole sana. Mais, lakini tufikiri pamoja," akasema. "Mwili ikipatikana, mutazika. Si ndiyo? Mukizika, mama atasimama. Akisimama, kamyo zitatoka namna gani?"

"Muweke kokoto," Solange akasema.

"Kokoto zilishaenda." Akapenga kamasi. "Dossier, faili yako, naipokea. Iache hapa. Ikifika kiangazi tutaangalia."

Solange akaenda kuwaomba madereva. Kama wangekubali watu ishirini tu, wangeingia porini pamoja mchana, wangerudi na Siméon kwenye shuka. Walimsikiliza wakiwa wameinamisha vichwa. Syauswa alilia machozi ya kweli, maana alikuwa anampenda yule kikongwe, na ndiye alikuwa akimletea ugoro.

"Tunakuhurumia, mama Solange, Mungu anatuona," akasema. "Acha kwanza mvua iishe. Niko na mizigo ya batu."

Mvua haikuisha. Huku kwetu inaishaga lini? Mwezi wa tisa Tamar naye akahama, akasema wale watu wa panga sasa wanalala ng'ambo ya mto, moshi wao unaonekana. Waliobaki kijijini walikuwa Vagheni, kuku watatu na askari wawili waliowekwa kulinda yale mawe yaliyopakwa rangi.

Jumamosi iliyofuata Solange alifika saa nane mchana. Aliiacha jeep upande wa pili wa nyumba, uso wake ukitazama Butembo. Alikuwa amevuka barrière zote chini ya mvua, na alikuwa amepakua viazi tangu alfajiri. Akaweka sufuria ya maharagwe chini. Mama alikuwa amesinzia, kidevu kifuani. Solange akavua viatu, akakaa kwenye mkeka kando yake, akasema moyoni kwamba anapumzika kidogo tu, mpaka mvua ipungue. Alikuwa hajakaa chini hivyo tangu Siméon apotee. Kila mara kulikuwa na gari la kuendesha na ofisi ya kuingia. Sasa alimfikiria mdogo wake na ile boti yake, na akalia bila sauti, muda mrefu, kama mtu anayefanya kazi aliyoiahirisha.

Hakumsikia dereva aliyekuja. Alikuwa mgeni, ametoka Kasindi na kamyo ya saruji, ameelekezwa tu kwamba akifika kwenye mawe mawili atamkuta mama mmoja amekaa, amfunge mkanda. Mvua ilikuwa imefunika kila kitu. Akaona mtu amekaa, akamzungushia mkanda, akachomeka ndoano, akakimbilia kwenye kamyo yake. Winchi ikalia. Saruji yote ikapanda kutoka shimoni, ikapita mbele ya nyumba, ikasimama mahali pagumu.

Dereva akarudi kuchukua mkanda wake. Ulikuwa kwenye kiuno cha Solange.

Solange aliutazama. Hakuwa ameumia, alisikia joto kidogo mgongoni, basi. Akajaribu kusimama. Akajaribu tena, akishika jiwe moja lililopakwa rangi. Kisha akaacha.

Vagheni alikuwa ameamka. Akajisogeza pembeni mwa mkeka ili binti yake apate nafasi ya kukaa vizuri, akavuta kikwembe chake na kumfunika miguu.

"Yesu wangu," akasema taratibu. "Na weye?"

Dereva alikuwa anakunja mkanda wake kwa uangalifu, kama walivyomfundisha. Alikuwa kijana wa heshima. Akaacha pakiti ya chumvi kwenye mkeka, akawashukuru wote wawili.

"Alhamisi nitarudia hapa na mizigo," akamwambia Solange. "Mama, utakuwako?"

Solange aliitazama jeep yake, iliyokuwa imegeuzwa tayari kwa safari, kisha akatazama moshi ng'ambo ya mto.

"Niko," akajibu.