Mkono wa Radjabu Kwenye Boneti

Houssein alilifunua gari. Alinyoosha kidole tu, nami nikauona mkono.

Lilikuwa Carina jeusi, limeegeshwa uani kwao Nyamugari, mtaa wa Gitega, na mkono ulikuwa juu ya boneti. Mkono wa kulia wa mtu mzima. Kifundo chake kilikuwa mbele, karibu na taa, na vidole vimeelekea kioo. Kila kidole kilisomeka, hata mahali pa pete. Nikapitisha kitambaa nikidhani ni uchafu. Haukuwa uchafu. Rangi yenyewe ilikuwa imeliwa, imekuwa kama ngozi iliyoungua ikapona vibaya.

"Ni ya kaka yangu Radjabu," Houssein akasema. "Alikuwa anatia mafuta ya breki, moyo ikamukamata. Akaegemea hapa, akaanguka. Mafuta ilikuwa ku mukono."

"Mbona hamkuosha siku ileile?"

"Mutama, we unaosha gari ya maiti mbele ya arobaini?"

Mutama ni mzee, na ndivyo walivyoniita wote pale. Mimi nimepolishi magari Kasulu, Kabanga, Kobero, na kila mji ambao malori hulala, na najua mafuta ya breki yanakula rangi kama asidi. Ndoo moja ya maji saa ileile, na kusingebaki kitu. Lakini nyumba ile ilikaa matanga, vitu vya marehemu havikuguswa, na muda wote ambao watu walikuwa wakisoma dua sebuleni, mafuta yalikuwa yakila taratibu huku nje.

Sasa Jumamosi binti wa Radjabu, Layla, alikuwa anapelekwa kwa mumewe Muyinga, na alikuwa amekataa gari jingine lolote. Baba yake alikuwa amemwahidi hili.

"Wakwe wakiona mukono ya mufu juu ya kapo ya gari," Houssein akasema, "watauliza tunawaletea nini. Mi nataka itoke. Itoke kabisa."

"Haitoki."

Sauti ilitoka mlangoni. Alikuwa Hidaya, mjane wa Radjabu. Alishuka ngazi akifuta mikono kwenye kitenge, akaja akasimama mbele ya gari, akaweka kiganja chake juu ya kile kingine. Cha kwake kilikuwa kidogo, kikaingia chote ndani.

"Hii njo imebaki," akaniambia. "Picha iko moja tu, na mule anacheka. Hakuwa mutu wa kucheka."

"Mama Layla, tutaongea," Houssein akasema.

"Tuongee sasa. Mutama aonyeshe iko na nini mu mufuko."

Basi nikatandika gunia kivulini, nikapanga chupa zangu tatu. Nilianza na ile ya kukata. Nikamwambia hiyo ina mchanga laini kuliko unga, inasugua rangi mpaka alama iishe, na kinachoisha hakirudi.

"Weka mbali," Hidaya akasema.

Ya pili ni ya mafuta mazito. Haikati. Inajaza mikwaruzo, jicho linapita juu bila kukwama. Gari linakuwa kama kioo cha kinyozi. Lakini haikai. Mvua zikipiga wiki nne, tano, inayeyuka, na kila alama inarudi mahali pake.

"Na iyi ya mwisho?"

"Hiyo ni ya kufunga. Haijazi, haikati. Inaweka ngozi nyembamba juu, maji na vumbi visiingie. Kilichoko chini kinabaki kilivyo mwaka mzima. Kizuri au kibaya."

"Mutama anauza kama daktari wa sokoni," Houssein akasema. "Chupa ya minyoo, chupa ya mapenzi."

"Zote ninazo, ukihitaji," nikamjibu, na Hidaya akataka kucheka, akaacha.

Alizitazama chupa muda mrefu. Kisha akauliza, "Ni ipi inaweza kurudishwa nyuma?"

"Ya pili."

"Basi mufunike. Wakwe wasimuone. Harusi ikiisha, mvua itanirudishia."

Houssein akataka nipake ya kufunga juu yake, idumu zaidi. Nikamweleza kwamba ya kufunga haishiki juu ya mafuta. Inateleza, inaacha ukungu. Akanung'unika, lakini jambo lilikuwa limekwisha kuamuliwa.

Nikaosha boneti kwa sabuni, nikalikausha, nikangoja bati lipoe kabisa, kwa sababu mafuta yale yakipakwa kwenye bati la moto yanakauka kabla hayajaingia. Bati likapoa. Pale kwenye mkono halikupoa. Nilijaribu kwa nyuma ya kiganja, kama unavyompima mtoto homa: huku baridi, pale vuguvugu. Nikajiambia ni jua, ingawa kivuli kilikuwa kimelifunika boneti lote.

Nikapaka kwa mizunguko midogo. Kiganja kilikwenda upesi, kisha vidole, kimoja kimoja. Kidole kidogo ndicho kilichonisumbua. Nikikifuta, kinaonekana. Nikipaka tena, kinaonekana. Mwisho nacho kikazama, na boneti likaonyesha mawingu na waya wa kuanikia nguo.

Hidaya alikuwa amekaa kwenye kigoda muda wote huo.

"Sasa iko wapi?"

"Iko chini, mama. Imefunikwa tu."

"Anapumua?"

Nilicheka nikidhani anatania. Hakuwa anatania.

Jumamosi, mama wa bibi harusi alipaswa kubaki nyumbani. Ndivyo ilivyo kwao, mama anaaga mlangoni. Hidaya akavaa, akaingia kiti cha nyuma karibu na binti yake. Wanawake wakamuuliza, mama Layla, unaenda wapi. "Naenda na gari," akasema. Wakatazamana. Houssein akashika usukani, nami nikapewa kiti cha mbele pamoja na chupa zangu, ili tukifika nifute vumbi la njiani. Nami nilikuwa nataka kufika Kobero, na Muyinga iko njiani.

Mvua ilitupata tulipopita Karuzi. Si kubwa. Kwenye boneti lote maji yalikuwa yakikimbia kwa matone ya mviringo, kama inavyotakiwa. Sehemu moja hayakukimbia. Yalilala bapa, yakatulia, huku gari likienda kasi na upepo ukipiga.

Houssein akapunguza mwendo. Mimi sikumtazama, naye hakunitazama.

"Baba mdogo, iko nini?" Layla akauliza.

"Njia inateleza."

Tukaenda kilomita nyingi. Kisha bibi harusi akasogea mbele kati ya viti vyetu, manukato yake yakajaa gari, akasema polepole, "Mama. Baba anatoka."

"Kaa vizuri, utakunja nguo," Hidaya akasema. "Mi namuona."

Dawa yangu haijawahi kutoka kwa mvua moja. Nasema hivyo si kwa kujisifu. Naijua.

Muyinga mvua ilikuwa imekatika. Wanawake wa upande wa bwana harusi walikuwa wamejipanga langoni, vigelegele vikaanza, kisha vikapungua, kisha vikanyamaza, kuanzia waliokuwa karibu na gari mpaka wa nyuma. Mkono ulikuwa wazi, mkavu kuliko bati lililouzunguka.

Nyanya yake bwana harusi akatoka kati yao na fimbo yake. Akautazama. "Uyu wa tano ni nani? Mu gari nahesabu watu wane."

Houssein alifungua mdomo, lakini Hidaya ndiye aliyejibu. "Ni baba yake."

Bikizee akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeongezewa mgeni mezani. "Mungelisema. Ingieni, chakula kinapoa." Akamshika Layla mkono, wakaingia, na wengine wakawafuata wakipita mbali na gari.

Kwa hiyo hofu ya Houssein haikuwa na maana, naye alikwenda kukaa kwenye ukuta, akajipangusa jasho. Nikabaki mimi na Hidaya. Alifanya kama alivyozoea: akasimama mbele ya gari, akaweka kiganja chake. Hakikuingia. Vidole vyake viliangukia kwenye kifundo.

Nikasogea nami nikaona. Kule Gitega kifundo kilikuwa mbele na vidole vimeelekea kioo. Sasa kifundo kilikuwa kwenye kioo na vidole vimeelekea mbele. Kama mkono wa mtu aliyenyoosha kutoka ndani.

"Amegeuka," Hidaya akasema.

Nikainama nikautazama tena.

"Kwa nyumba alikuwa kama ananiegemea. Kila asubuhi nikimaliza kusali, naenda, ananiegemea." Akatazama kule vidole vilikoelekea: kando ya lango, kwenye barabara ya Kobero inayoshuka. "Uyu hajalala, mutama. Anataka kwenda. Ni mi nilimufunika."

"Unataka nini, mama?"

"Lete ile ya kwanza."

Nikataka kuifanya mwenyewe, kwa sababu ya kukata ina ufundi wake. Ukizidisha unafika kwenye bati. Akanipokonya kitambaa. Nikamwonyesha tu: polepole, bila kukandamiza, ukipita huku na huku. Akavua bangili akaziweka kwenye kioo. Ndani walikuwa wameanza kuimba. Alisugua kuanzia kifundoni, na kila nilipomgeuzia kitambaa kilikuwa cheusi, na kilinuka mafuta ya breki mabichi, kama chupa iliyofunguliwa sasa hivi. Alipofika vidoleni alipunguza. Machozi yalikuwa yakidondoka kwenye boneti na akayasugua pamoja na dawa.

Ulikwisha wote. Hata kidole kidogo. Nikalifuta bati kwa maji, nikaligusa. Lilikuwa la baridi.

Rangi iliyokatwa inabaki uchi, jua linaila. Nikachukua chupa ya tatu, nikaanza kufungua kifuniko.

"Iyo ni ya kufunga?"

"Ndiyo, mama. Bila hiyo rangi itachoka upesi."

"Acha ichoke." Akavaa bangili zake moja moja. "Siku akitaka kurudi, asikute nimefunga."

Akaingia kwa wakwe. Nikarudisha chupa mfukoni, nikaifuata barabara ya Kobero kwa miguu, nikipita upande ule ambao vidole vilikuwa vimeelekea. Kila gari lililonipita kutoka nyuma nilisimama pembeni kulipisha, hata yale yaliyokuwa na nafasi ya kutosha, maana sikujua Radjabu alikuwa amepanda lipi.