Aliyekifungua Kiwanda

Jumatatu, tarehe 9 Septemba 1974. Asubuhi hiyo Kisumu iliamka bila upepo. Ziwa lilikuwa limetulia kama uji uliopoa, wingu moja zito lilikaa juu ya milima ya Nandi bila kusogea, na joto lilianza kuwabana watu kabla jua halijapanda vizuri.

Mbele ya lango la kiwanda cha ndoo na karai, upande wa Mamboleo, wanaume walikuwa wamekwisha kujazana. Miongoni mwao alisimama Wepukhulu, fundi wa mashine ya kukunja bati, shati lake la kanisani limelowa mgongoni. Alikuwa akiomba kimya kimya. Hakuomba mengi. Aliomba tu avuke lango lile kabla ya adhuhuri.

Kiwanda kilikuwa kimefungwa tangu mwezi wa nne, na leo kingefunguliwa tena. Chumba alichokaa na mkewe Maximilla kilikuwa katika landhi za kiwanda, zile nyumba za wafanyakazi, na amri ilikuwa imeshatolewa: atakayerudi kazini atabaki, asiyerudi atahama Jumamosi. Maximilla alikuwa na mimba ya miezi minane. Mimba mbili kabla ya hii zilikuwa zimeharibika, na ya pili iliharibikia barabarani walipokuwa wakihama kutoka Awasi, yeye amekaa juu ya mkokoteni katikati ya vyombo, mvua inawanyea. Kwao Bungoma Wepukhulu hakuwa tena na shamba, kwa maana kaka zake walikwisha kuliuza. Mkunga alisema mama huyu alale, asibebe kitu, asitembee. Alale wapi, hakusema.

Kando ya lango kulikuwa na jiwe lililochongwa maneno haya: KIWANDA HIKI KILIFUNGULIWA NA MHESHIMIWA AMOLO, MBUNGE. Jiwe hilo ndilo lililowapoteza wafanyakazi. Kazi iliposimama walikaa chini ya ukuta kushauriana, na Wepukhulu mwenyewe ndiye aliyelisoma kwa sauti. Wakasema, kama huyu ndiye aliyekifungua, basi ufunguo anao yeye. Mwezi wa saba wakaenda kwa miguu mpaka nyumbani kwake, kundi zima. Mheshimiwa aliwapokea vizuri, akawapa chai, akawaambia jambo lao atalishughulikia. Walirudi wakiimba.

Ni Walubengo wa idara ya rangi, mtu wa mzaha, aliyewazindua baadaye. "Pasta," alimwambia Wepukhulu, kwa kuwa ndivyo alivyomwita ingawa hakuwa mchungaji, "Mheshimiwa alikifungua kiwanda kama wewe unavyofungua mkutano. Unasema amina, unakaa, na mkutano unaendelea na mambo yake. Siku ile alikata utepe, akala pilau, akaenda zake."

Ukweli wa kufunguliwa safari hii Wepukhulu aliujua, na aliujua kutoka kwa mwenyewe. Jumamosi iliyopita Bwana Gurcharan Singh, mwenye kiwanda, alimwita aje atie mashine mafuta. Mzee yule wa kilemba alisimama karibu naye, akashika karai kuukuu akiligeuzageuza.

"Mimi nilikuwa nauza Jinja, nauza Mbale," alisema. "Wale Wahindi wa Uganda wamefukuzwa, maduka imekufa. Mimi nitauzia nani? Basi nimepanda meli, nimeenda Mwanza mara tatu. Nimelala kwa gurdwara, hekalu yetu, nimebembeleza watu kama mtoto. Sasa Mwanza wanataka ndoo. Hiyo tu, fundi. Ni ndoo."

"Na Mheshimiwa?"

Gurcharan aliweka karai chini polepole. "Mheshimiwa amesikia juzi. Amesema atakuja kufungua. Mimi nimesema karibu. Leseni yangu inaisha mwezi wa kumi na mbili. Rafiki zangu wengi wamepata barua ya serikali ya kufunga duka. Yeye akitaka sifa, achukue. Mimi nataka kulala usingizi."

Wepukhulu alimwonea huruma. Hakujua kwamba jambo hilo lingemfikia yeye.

Lilimfikia asubuhi hii ya Jumatatu. Nyangweso, mpiga kampeni wa Mheshimiwa, alipenya katikati ya watu, akamshika mkono.

"Wewe ndiye mtu wa maombi?"

"Ni mimi, bwana."

"Utatufungulia mkutano kwa sala. Fupi. Umshukuru Mungu kwa ajili ya Mheshimiwa Amolo, aliyewaletea kazi hizi. Umtaje jina, mara mbili tatu. Waandishi wa gazeti wako hapa."

Wepukhulu aliangalia viatu vyake. "Bwana Nyangweso, sala ni mtu na Mungu. Nikimwambia Mungu jambo ambalo anajua silo…"

"Mungu hapigi kura," alisema Nyangweso, na waliokuwa karibu wakacheka. Kisha akasogea, sauti ikashuka. "Sikiliza, jamaa yangu. Pale langoni nitasimama mimi na Singh. Vijana wa hapa hapa wanaotafuta kazi ni wengi, na wewe umetoka Bungoma. Usinifanye nianze kuhesabu nani ametoka wapi."

Alipoondoka, Wepukhulu akageuka na kumwona Maximilla akija, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika ukuta.

"Mama, uliambiwa ulale."

"Nimelala mpaka nimechoka. Wamesemaje?"

Akamweleza. Maximilla alisikiliza akihema, akajifuta shingo kwa kanga.

"Baba," alisema, "huyo Mungu unayemwogopa kumdanganya, si ndiye aliyekuwapo siku ile ya mkokoteni?"

"Ndiye."

"Basi anajua. Sema hayo maneno, uingie. Atakusamehe kesho. Singh hatatusamehe Jumamosi."

Alitafuta moyoni mstari wa Biblia wa kumjibu, kama alivyozoea, lakini hakupata hata mmoja.

Saa nne Mheshimiwa akafika, mtu mnene mchangamfu, akiwasalimia watu kwa majina ya baba zao. Wanawake wakapiga vigelegele. Nyangweso akainua mkono. "Kabla ya yote, ndugu yetu atatufungulia kwa sala. Tufumbe macho."

Kofia zikavuliwa. Wepukhulu akafumba macho, na mara alipoyafumba, watu wote wakatoweka. Hilo ndilo lililomwangusha. Angebaki anamwona Nyangweso, pengine angeweza. Lakini ndani ya giza lile alikuwa peke yake na yule aliyezungumza naye kila alfajiri.

"Baba yetu uliye mbinguni," alianza. "Tunakushukuru kwa siku ya leo. Tunakushukuru kwa bati, na kwa moto, na kwa mikono. Tunakushukuru kwa watu wa Mwanza wanaohitaji ndoo. Tunakushukuru kwa kuwa ulimlinda Bwana Gurcharan majini, akaenda na kurudi." Alisikia mtu akikohoa, akajua ni Nyangweso. "Na tunakushukuru kwa ajili ya Mheshimiwa Amolo. Baba, Mheshimiwa…" Alitafuta. Alitafuta kwa bidii yote ya mtu anayetaka kumpa mtoto wake paa. "Mheshimiwa alitupa chai. Mwezi wa saba tulikwenda kwake tumechoka, akatupa chai. Tunakushukuru kwa chai ile. Amina."

Kicheko kilianzia nyuma, kikaja mbele kama maji ya mfereji. Mheshimiwa mwenyewe ndiye aliyecheka kuliko wote.

"Ni kweli, chai nilitoa," alisema akipanda juu ya sanduku la mbao, "na sukari nikatia. Lakini ndugu zangu, sikuwapa chai tu. Leo nimewapa kazi. Kiwanda hiki nilikifungua mwaka wa sabini, na leo nakifungua mara ya pili."

"Mheshimiwa, swali," Walubengo alipaza sauti.

"Uliza, kijana wangu."

"Mwaka wa sabini ulikifungua wewe. Leo umekifungua wewe. Ule mwezi wa nne, nani alikifunga?"

"Ah, hilo ni shauri la biashara. Mambo ya Uganda. Mimi siwezi kuingilia biashara ya mtu."

"Kwa hiyo kufunga ni biashara, kufungua ni wewe."

Watu wakacheka tena, lakini kidogo, wakitazamana. Mheshimiwa akatabasamu kwa meno, akakata utepe mwekundu, na lango likafunguliwa.

Waliingia mmoja mmoja. Gurcharan alisimama upande huu, Nyangweso upande ule. Wepukhulu alipofika, mkono wa Nyangweso ulimzuia kifuani.

"Wewe simama kando." Akawageukia wa nyuma. "Pita wewe. Na wewe."

Wepukhulu akamtazama mwenye kiwanda. "Bwana, ile mashine hakuna mwingine aliyeizoea."

"Najua, fundi," alisema Gurcharan, na macho yake yakabaki kwenye vumbi. "Najua."

Walubengo hakujaribu hata kupita. Alimpiga Wepukhulu begani. "Mimi sina mke, Pasta. Nakwenda Katito kuuza sukari guru. Wewe je?" Akaondoka bila kungoja jibu.

Maximilla alikuwa ameketi chini, kwenye udongo mtupu, miguu ameinyoosha kama mtoto. Hakulia wala hakumlaumu. Alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili, kama mtu anayeshikilia mtungi ndani ya gari linaloruka mashimo. Wepukhulu alimwona hivyo, na kitu ndani yake kikakatika. Akajaribu kuomba, lakini safari hii halikuja neno. Ndipo miguu yake ikamchukua mpaka penye gari la Mheshimiwa.

Amolo alikuwa ameshafungua mlango. Alimtazama bila chuki yoyote.

"Mzee wa chai," alisema. "Mimi sina neno na wewe. Umenichekesha, na watu wanapenda kucheka. Lakini Jumapili nina mkutano Awasi, na pale sitaki kuchekwa. Njoo unifungulie, na unishukuru sawasawa kwa kazi hizi. Waahidi hawa hapa, wasikie, na sasa hivi utaingia."

Watu waliobaki nje wakasogea. Nyangweso akaja. Gurcharan pia akatoka langoni, mikono nyuma.

"Kukufungulia kwa sala siwezi, Mheshimiwa," alisema Wepukhulu. "Usinidai hilo."

"Basi unaweza nini?"

Wepukhulu aligeuka akamwangalia mkewe pale chini. Akavua kofia, akaikunja, akazungumza kwa nguvu ili hata waliokuwa ndani ya kiwanda wasikie.

"Nyote ni mashahidi. Naahidi kwamba Jumapili nitasimama Awasi mbele ya watu, na nitasema Mheshimiwa Amolo ndiye aliyetupa kazi. Nitasema mara tatu kama anavyotaka. Lakini nitawaambia watu, sitamwambia Mungu. Macho yangu sitayafumba."