Watu wa Gunia

Wageni wa ukoo wa Corvannan walitazamiwa Jumamosi asubuhi, na Ijumaa saa nane mchana karatasi ya nasaba ilikuwa bado haijabandikwa ukutani. Ilijaa meza yote ya kulia chakula ya jumba la Inverlaggie. Effie alikuwa ameiinamia, kalamu mkononi.

Kazi ile ilikuwa imemla miezi minane. Juu kabisa alikaa Corvan, haramia wa baharini aliyefika na merikebu tatu na kujitwalia bonde zima, ndiye aliyeuachia ukoo jina. Ndivyo Torquil, babake Effie, alivyosimulia kila mgeni akishika kijiko. Chini kabisa alikaa Effie mwenyewe. Wengine wote walishikanishwa na mistari ya wino. Yeye peke yake aliunganishwa na babake kwa vitone vya penseli, maana alichukuliwa kulelewa akiwa na miaka minne. Ndiyo kanuni, alisema Shangazi Grizel: damu ni mstari, kulea ni vitone.

Effie alivichora vitone vile mwenyewe. Tangu utotoni alikuwa akiishi na hofu moja tu, kwamba siku moja mtu atasimama mbele ya watu na kusema huyu si wetu. Sasa angesemwa na ukuta, mbele ya watu sitini waliovuka bahari kuja kuusoma.

Lakini kilichomkosesha usingizi kilikuwa mfukoni mwa aproni. Jana alikwenda kwenye hifadhi ya nyaraka kuhakiki tarehe moja tu, ubatizo wa Iain, yule anayehesabiwa mwana wa nne wa mwenye ardhi wa enzi ile, ambaye kila Corvannan aliye hai ametoka kwake. Ubatizo hakuupata. Alichopata ni kitabu cha wazee wa kanisa cha mwaka 1698, miaka ile ya njaa kuu, akatoa nakala ya ukurasa mmoja.

Mlango ukafunguliwa. Shangazi Grizel aliingia na rula yake ya mbao kwapani, rula ya marehemu babu, ambayo hakumwachia mtu hata kuipangusa vumbi. Nyuma yake alikuja Torquil, polepole, mkono ukitafuta kiti. Moyo wake ulikuwa umeshamwangusha mara moja mwaka ule, na daktari alisema asishtuliwe.

Grizel alirudi nyuma hatua tano, akafumba jicho moja.

"Hivi vitone umevibananisha."

"Vipi, Shangazi?"

"Ukisimama huku unaona mstari. Watu watadhani tunawadanganya. Vifute, uviachanishe."

"Grizel, mwache mtoto," alisema Torquil.

"Simwonei mtu. Sheria ni msumeno. Au unataka tuwe kama wale wa kule kijijini, jina Corvannan, damu haijulikani? Watu wa gunia!"

Hilo ndilo lilikuwa tusi lake la siku zote. Enzi za njaa, maskini walilichukua jina la mwenye ardhi wakapewa gunia la unga wa oti, na Grizel hakuwahi kuwasamehe wajukuu zao kwa njaa ya miaka mia tatu iliyopita.

Effie alishika kifutio. Alifuta kitone kimoja, cha pili, na cha tatu kikamshinda. Angeweza kunyamaza, asijue mtu. Akisema, babake huenda akaanguka palepale, na watu watasema mtoto wa kulea ameilipa nyumba iliyomlea kwa kuichafulia jina. Hata hivyo mkono ulikwenda mfukoni wenyewe.

"Baba, soma hii. Kaa kwanza."

Torquil alivaa miwani, akasoma kwa sauti, neno moja moja.

"Mtoto mgeni, Iain, baba hajulikani. Mwenye ardhi, kwa kuwa wanawe watatu wamekufa kwa homa, amempa jina la Corvannan na gunia la unga. Gunia limebebwa na mtumishi, mtoto hakuliweza."

Mkono wake ulipanda kifuani. Effie aliruka kumshika, kumbe mzee alikuwa akitafuta leso.

Grizel aliipokonya karatasi, akaisoma mara mbili huku uso ukibadilika rangi.

"Nani mwingine ameiona hii?"

"Hakuna, Shangazi."

"Basi tufunike kombe, mwanaharamu apite. Tia motoni."

"Msumeno, dada, hukata mbele na nyuma," alisema Torquil. "Vitone kule juu kwa Iain, au mstari huku chini kwa mwanangu. Chagua."

Grizel alikwenda dirishani akasimama akitazama mvua, karatasi mkononi. Moto ulikuwa hatua mbili tu kutoka aliposimama. Effie hakuthubutu hata kuvuta kiti.

"Alikuwa na miaka mingapi?" Torquil aliuliza.

"Nani, Baba?"

"Huyu Iain."

"Hawakuandika. Wameandika tu kwamba gunia hakuliweza."

Mzee alipenga kamasi bila haya. "Wewe ulikuja na begi la bluu. Hukuliweza, na hukutaka mtu akushikie. Ulilia pale mlangoni mpaka ukapewa uji wa oti. Bakuli tatu ulimaliza."

"Nne," alisema Grizel, bado amewapa mgongo. "Mimi ndiye niliyepika."

Kisha aligeuka, akarudi mezani, akaiweka ile nakala juu ya karatasi ya nasaba, pembeni mwa jina la Iain, akaitandaza kwa kiganja mpaka mikunjo ikalala. Akaitoa rula kwapani na kuisukuma mezani mpaka ikagusa mkono wa Effie.

"Chukua," alisema. "Kwa vitone hukuihitaji. Kwa mstari utaihitaji."