Siku Nilipotaka Kuichoma Redio ya Jeshi

Plagi ilikuwa mkononi mwangu, na redio ilikuwa mezani, kifuniko wazi, matumbo yote nje. Mume wangu alikaa kwenye kiti mbele yake, ananikodolea macho. Ilikuwa saa tisa alasiri, na kupitia dirishani nilimsikia jirani akifua.

"Leo mmoja wenu ataongea," nikamwambia. "Kama si hii redio, basi ni wewe. Nimechoka kuishi na mabubu wawili."

Ndivyo nilivyosema, kwa mdomo wangu huu huu. Sijivunii.

Miezi minne nyuma, kiharusi kilimkuta pale pale mezani, bisibisi mkononi. Kilimchukua mkono wa kulia, kikamlegeza mguu, kisha kikaondoka na maneno yake yote. Akili ilibaki timamu kabisa. Ukimwambia umemwekea chumvi kwenye chai, alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Lakini kusema, hata "ndiyo" tu, wapi!

Na huyu ni mtu ambaye kwa miaka thelathini na moja nilikuwa mke mwenza wa redio zake. Tena si hizi redio za kuweka dirishani ukasikiliza taarifa huku unamenya viazi. Zake ni masanduku ya chuma, ya kijani na ya kijivu, mazito ya kubebwa na wanaume wawili, yaliyotengenezwa kwa ajili ya magari ya vita kabla sisi hatujazaliwa. Ndani yake mna valvu, vichupa vya kioo vyenye ukubwa wa kidole gumba, ambavyo vikipata moto huwaka wekundu hafifu. Alizitoa kwenye vyuma chakavu, akazisugua kutu, akabadilisha waya mmoja mmoja mpaka zikapata sauti tena. Moja ililala chumbani kwetu, upande wangu wa kitanda. Mgeni aliulizwa kama angependa kusikia kitu, na kabla hajajibu keshavalishwa hedifoni. Mimi nikifungua mdomo, naambiwa ngoja kwanza, nimenasa kituo. Nimengoja sana katika ndoa hii.

Hospitali walitupa mtaalamu wa kufundisha kuongea, binti mpole mwenye kadi za picha. Kikombe. Kiatu. Ng'ombe. Mume wangu alimtazama yule ng'ombe kana kwamba amemtukana, akamgeuza kifudifudi. Wiki ya sita binti aliniita pembeni.

"Mama, uwezo anao," akasema kwa sauti ya chini. "Nia ndiyo hana. Na kadiri anavyochelewa kuanza, ndivyo itakavyokuwa ngumu."

Nilihangaika. Nilimwimbia, nilimchokoza, nilimsema vibaya ndugu yake anayempenda. Nikakisogeza kiti chake hadi kwenye ile redio aliyokuwa akiitengeneza siku alipoanguka, maana alikuwa amebakiza kidogo tu, akageuzia uso ukutani. Binti yetu mkubwa akashauri aitwe mnunuzi wa vitu vya kale, azizoe zote, nyumba ipumue. Nikamuuliza mwenyewe: "Ziondoke?" Akainua bega moja. Jamani, lile bega lilinitisha kuliko kiharusi. Kama hata redio hazitaki, nilijiuliza, mimi nitamshika na nini?

Siku ile alikataa chakula, kisha akazipiga kadi kwa mkono mzima zikatapakaa sakafuni. Nilipiga magoti kuziokota. Nilipofika kwenye ng'ombe, uvumilivu ukaniishia. Nikanyanyuka, nikauvuta waya wa redio, nikashika plagi.

Watoto wetu husimulia kwamba nilimtega. Mama mjanja, wanasema, alijua Baba hataweza kuvumilia. Nimewaacha waamini hivyo, lakini ukweli ni kwamba sikuwa na ujanja wowote. Nilikuwa nimemsikia mara nyingi akiwaonya wenzake kuwa redio iliyolala miaka haichomekwi kwenye umeme hivi hivi, itaungua. Ifanyweje ili isiungue, hapo ndipo kila mara nilipokuwa naacha kusikiliza. Kwa hiyo nilijua itaungua, na nilitaka iungue. Nilitaka imfie mbele ya macho yake, ili angalau tulie pamoja.

Nikainama kwenye soketi. Nyuma yangu mkono wake wa kushoto ukaanza kupiga kiti, pa, pa, pa. Sikugeuka.

"Ba," akasema.

Nikaganda.

"Ba... balbu!"

Plagi ikaniponyoka. Nilipogeuka nilimkuta jasho linamchuruzika, mishipa ya shingo imemsimama, ananitazama kwa hasira niliyoifahamu vizuri, hasira ya mtu aliyepangiwa vifaa vyake bila ruhusa. Mungu wangu, jinsi nilivyoipenda hasira ile!

"Balbu gani?" nikauliza.

Akanyoosha kidole kwenye rafu. "Balbu," akarudia taratibu, kama anayemweleza mtu mzito wa kuelewa.

Ilikuwa balbu ya kawaida ya nyumbani, imefungwa kwenye kipande cha ubao. Huwekwa njiani, kati ya soketi na redio, na kama ndani ya redio kuna hitilafu, balbu ndiyo inayowaka kwa nguvu na redio inanusurika. Alinionyesha kwa kidole waya upi uende wapi. Tulipowasha, balbu iliwaka kwa ukali hadi tukafumba macho. Hitilafu ilikuwepo, na kubwa. Nilikaa chini sakafuni, katikati ya zile kadi, nikalia kwa sauti, na yeye akanishika kichwa.

Kesho yake tukaanza kazi, mimi mikono, yeye maneno. Maneno yalirudi kwa mpangilio wake yenyewe: waya, koleo, kapasita, transfoma, pumbavu. Jina langu lilikuja wiki tatu baada ya transfoma. Nilimwambia hilo sitalisahau, na mpaka leo sijalisahau.

Kuna kanuni moja aliyoisisitiza kuliko zote. Ukigusa redio yenye umeme, mkono mmoja uwe mfukoni, umeme usije ukapata njia ya kupita kifuani kutoka mkono huu hadi ule.

"Gauni halina mfuko," nikamwambia.

"Shona."

Nikashona. Siku nilipolivaa aliutazama mfuko, kisha akautazama mkono wake wa kulia uliolala pajani. "Wangu," akasema, akakwama, akameza mate. "Wangu... umeshatangulia mfukoni."

Ilikuwa sentensi yake ya kwanza nzima, na aliitumia kunitania. Tulicheka mpaka nikaweka chini chuma cha kulehemu nisichome meza.

Tuliimaliza siku ya Alhamisi, asubuhi. Balbu iliwaka mara moja, ikafifia, ikabaki hafifu. Alitikisa kichwa kwamba ni salama. Valvu zikapata wekundu wake, spika ikakwaruza, na mara sauti ya mwanamume ikaingia chumbani, ya mbali sana, inasoma kitu kwa utulivu kwa lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeijua. Mume wangu alifumba macho. Uso ule naujua. Nikajiambia basi, amepona, na mimi nimerudishwa kwenye foleni, na nilishangaa kwamba sikuumia hata kidogo.

"Unajua," nikaanza, kisha nikanyamaza, kwa mazoea.

Alifumbua macho. Akapeleka mkono wa kushoto kwenye kitufe cha sauti, akakizungusha taratibu, mpaka yule mtu wa mbali akanyamaza kabisa.

"Sema," akasema.

Mimi, niliyesifika kwa mdomo mtaa mzima, nikakosa la kusema. Nilitafuta, nikatafuta.

"Bomba la jikoni linavuja," nikasema.

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu."

Akavuta kiti cha pili kwa mkono wake mmoja, akakisogeza hadi kikagusana na chake.

"Endelea," akasema.